Mistari yenye ncha kwenye Inkscape

Wachoraji wenzangu mnaotumia Inkscape (programu ya kuchorea kwenye kompyuta), acheni kuchora nywele na kope kwa mistari yenye unene mmoja mwanzo mwisho, inaua mchoro kabisa. Chora mstari wako kawaida na kalamu (bonyeza B), ukiwa umeuchagua fungua Path, nenda Path Effects, ongeza efekti inaitwa Taper Stroke. Hapo hapo mstari unachongoka ncha zote mbili. Sasa utamu wenyewe uko hapa, bonyeza N kwa ajili ya nodi (pointi za kurekebishia mstari), utaona vidoti vidogo karibu na kila ncha, viburute tu kwenda mbele au nyuma, ndo vinaamua ncha ianze kupungua wapi, kwa kope mimi huwa napenda upande wa shina ubaki mnene halafu ule mwingine nauvuta mrefuuu hadi uishie kama sindano. Kitu kimoja watu wengi kinawachanganya, rangi yake sasa inabadilishwa kwenye Fill (rangi ya ndani ya umbo) na sio Stroke (rangi ya mstari wa pembeni), na unene unaongeza kwenye setingi za efekti yenyewe. Mkunjo wa mstari bado unaurekebisha muda wowote, hakuna kufuta na kuanza upya.