Leipzig hadi Prague kwa mfuko wa mwanafunzi

Treni za ICE, zile za kasi za Ujerumani, waachie wenye mishahara. Ukiwa na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za kawaida za Ujerumani nzima, panda treni ya RE50 hadi Dresden, kisha ya S1 hadi Bad Schandau, karibu na mpaka wa Czech. Kaa upande wa kushoto uone mto Elbe na majabali yake; mimi hapo huacha hata kula chapati zangu. Tiketi hiyo inaishia mpakani, kwa hiyo kata nyingine ya Czech.

Beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi. Kadi ya Ujerumani inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, Czech ikiwemo, mwisho siku 90 ndani ya 180. London haimo, ina viza yake tofauti.

Prague wanatumia koruna. Vibanda vya kubadilishia fedha vya mjini vipite tu, lipa kwa kadi.