Kuishi Huru kwa Neema: Mwongozo kwa Mkristo wa Dar es Salaam

Wakristo wengi wa jiji hili wanakiri kwamba wameokolewa kwa neema, lakini wiki yao inaendeshwa na hofu. Hofu ya kukosa ibada ya Jumatano. Hofu ya kutoka nyumbani bila kupaka mafuta ya upako. Hofu kwamba biashara imedorora Kariakoo kwa kuwa sadaka ya mwezi uliopita ilikuwa ndogo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutoka huko kidogo kidogo, ukiwa na Biblia, daftari na watu wawili watatu wa kuaminika. Haukutoi kanisani kwako. Mkatoliki wa jumuiya ndogo ndogo, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani na mlokole, wote wanaweza kuufuata hapo hapo walipo.

Weka mambo kwa mpangilio wake

Fungua Waefeso 2:8-10 na uisome hadi mwisho, maana wengi huishia aya ya 9. Aya ya 8 inasema: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Aya ya 10 ndiyo inayoleta matendo mema, na inasema Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Kwa hiyo matendo yapo, tena ni ya lazima kwa maana yake, ila yanafuata nyuma ya wokovu. Hayakai mlangoni kama kiingilio.

Karibu kila utumwa wa kidini unaanza pale mpangilio huu unapogeuzwa. Aliyeugeuza hupanda na kushuka kulingana na wiki yake: akifunga siku tatu na kuhudhuria mkesha, anawadharau waliolala, akishindwa kuamka kusali, anajiona amekataliwa. Kiburi na kukata tamaa vinatoka kwenye shina moja, nalo ni kumtegemea Mungu kwa kiasi cha ulichofanya wewe.

Kuna swali moja la kupimia, nalo ni bora ulikariri: *Nisipofanya hili leo, naamini Mungu atanifanya nini?* Jibu likiwa "ataniacha", "atafunga riziki yangu" au "atamruhusu adui anipige", jambo hilo unalifanya kwa hofu, hata kama lenyewe ni jema. Jibu likiwa "hatanifanya kitu, ila nitakosa raha ya kukaa naye", unalifanya kama mwana.

Soma Wagalatia, wote, kwa sauti

Paulo aliwaandikia waraka huu makanisa ya Galatia, eneo ambalo leo liko ndani ya Uturuki. Waumini wake wengi hawakuwa Wayahudi. Walimwamini Kristo, kisha wakaja walimu wakawaambia kuamini peke yake hakutoshi, lazima watahiriwe na kuishika torati. Ndiyo maana waraka una ukali usio wa kawaida.

Una sura 6 na aya 149. Kwa sauti ya kawaida unamalizika kwa dakika 20 hadi 25. Mara ya kwanza usome wote kwa mkao mmoja, kwa sababu tumezoea kuusikia vipande vipande kwenye mahubiri, na kipande kinaweza kuvutwa upande wowote. Wiki inayofuata, soma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri asijaribu kuusoma mara ya kwanza akiwa amening'inia kwenye daladala. Ausome usiku au Jumamosi. Marudio ndiyo yanafaa njiani, kwa Biblia ya sauti, simu ikiwa mfukoni na si dirishani.

Tulia kwenye sehemu tatu. Ya kwanza ni 2:11-14, pale Paulo anapomkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia. Petro alikuwa anajua vizuri kwamba watu wa Mataifa wamekubaliwa, na alikuwa akila nao. Walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, akajitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wageni hao. Imani yake ilikuwa sawa. Miguu yake ndiyo iliyokwenda kombo. Hapo utajifunza kwamba mtu anaweza kupoteza uhuru bila kubadilisha hata sentensi moja ya mafundisho yake. Ya pili ni 3:1-14, inayoanza na swali kali: "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga...?" Ya tatu ni 5:1-15. Aya yake ya kwanza ikariri: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." "Ungwana" hapo ni hali ya mtu huru.

Ukimaliza, nenda Warumi sura ya 6 hadi ya 8. Usianze na Warumi. Ni mrefu zaidi na hoja zake zinahitaji mtu aliyekwishauona ugomvi wenyewe.

Daftari la safu tatu

Chukua daftari la kawaida la shule, gawa ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza andika mambo yote ya dini uliyofanya juma hili: sala, ibada, sadaka, mfungo, mafuta, maji, kuvaa au kutovaa kitu fulani, hata kutuma ujumbe wa Biblia kwenye kundi la WhatsApp. Safu ya pili andika jibu la lile swali la kupimia. Safu ya tatu andika neno moja: shukrani, hofu, au watu. "Watu" maana yake ulifanya ili uonekane.

Usiharakishe kufuta yenye neno hofu. Kosa la wengi hapa ni kuacha kusali kabisa kwa kuwa wamegundua walikuwa wanasali kwa woga. Kinachobadilishwa ni sababu, na mara nyingi tendo lenyewe linabaki.

Chukua mfano wa mafuta. Kwenye fremu nyingi za jiji utaiona chupa ndogo ya plastiki juu ya kaunta, pembeni ya kibao cha Lipa Namba. Mwenye duka hapandishi geti asubuhi kabla hajapaka kizingiti. Kupaka mafuta kumo kwenye Maandiko: Yakobo 5:14 inawaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa na kumwombea. Shida inaanza siku chupa inapoisha na mwenye duka anaogopa kufungua. Hapo ulinzi umehama kutoka kwa Bwana kwenda kwenye chupa. Siku hiyo fungua duka. Simama mlangoni, sema Warumi 8:31, "Mungu akiwapo upande wetu, ni nani aliye juu yetu?", halafu panga bidhaa. Fanya hivyo siku 7 mfululizo, kisha rudi kwenye daftari uone neno la safu ya tatu.

Dawa za hospitali ni jambo jingine kabisa. ARV, vidonge vya presha, sindano za sukari: usiziache ili kuthibitisha imani. Anayekudai uthibitisho huo anakurudisha kwenye matendo, tena ya hatari kwa uhai wako.

Ukianguka

Hapa ndipo neema inapojulikana kama ni neno tu au ni kitu. Mkristo anayeishi kwa hofu akianguka hukaa siku nne tano bila kusali, akisubiri "apoe" au dhambi ichakae kidogo. Siku hizo ndizo hatari kuliko kosa lenyewe, kwa sababu anajifunza kuishi mbali na Baba, na kosa la pili linakuja rahisi. Rudi siku hiyo hiyo, usiku huo huo.

Taja dhambi kwa jina lake. "Bwana nisamehe makosa yangu" ni sala nzuri ya jumla, lakini aliyezidisha bei aseme amezidisha bei, aliyelala na mume wa mtu aseme hivyo. Soma 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Angalia sababu inayotajwa pale: uaminifu na haki yake, wala si uzito wa machozi yako. Kisha mshukuru kwa msamaha, kwa maneno, hata kama moyo bado mzito. Hisia huchelewa.

Baada ya hapo nenda kwa mtu. Ukimwibia, rudisha, Zakayo alifanya hivyo baada ya Yesu kuingia kwake, hakufanya ili aingie. Ukimtukana, mpigie simu kesho yake kabla ya saa sita mchana. Mkatoliki ana sakramenti ya kitubio, aitumie. Mlutheri na Mwanglikana wana maungamo ndani ya liturujia ya Jumapili. Wasiyapitie kama sehemu ya kusubiri mahubiri. Wengine wote wana Yakobo 5:16: mtafute ndugu mmoja asiye na mdomo mwepesi.

Usijitoze adhabu. Mfungo wa kumtafuta Mungu ni mzuri, mfungo wa kulipia dhambi ni kusema msalaba ulipungukiwa. Namna ya kuutambua ni hii: ukikatisha mfungo kwa ugonjwa na ukajisikia deni limerudi, ulikuwa unalipa.

Fedha

2 Wakorintho 9:7 inataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Basi kusudia nyumbani, kabla muziki haujaanza. Tuchukue mfano wa kipato cha 450,000 kwa mwezi: kodi ya chumba 80,000, chakula 180,000, nauli 50,000, ada, dawa na wazazi kijijini 80,000. Imebaki 60,000. Mwingine hapo atatoa fungu la kumi, 45,000, na atafurahi. Mwingine atatoa 20,000 kwa sababu ana deni la dukani kwa Mangi, naye hajatenda dhambi. Weka kiasi ulichoamua kwenye bahasha siku ya mshahara, kigawe kwa Jumapili za mwezi, basi. Wakristo hawakubaliani juu ya fungu la kumi, na mjadala huo hautaisha hapa. Ila anayelitoa kama bima ya kuzuia mikosi hajawa huru hata akitoa asilimia 20.

Usikope kwenye simu ili utoe. Andiko lipo wazi, 2 Wakorintho 8:12: nia "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Ukisikia mwito wenye saa ("panda mbegu kabla ya saa sita usiku mlango haujafungwa"), lala kwanza. Kiasi ambacho hukukipanga kitoke kesho yake asubuhi, na kwa wanandoa kitoke wote wawili wakijua. Mungu hana haraka ya aina ile.

Ukoo na majirani

Anayeambiwa ana laana ya ukoo asome Wagalatia 3:13 na Ezekieli 18:20 kabla hajalipia maombi yoyote. Likizo ya Desemba inapofika na wazee wanakusanya michango ya tambiko, usisubiri kufika kijijini ndipo ugome. Piga simu mapema, na kwa adabu: "Shikamoo baba mkubwa. Mchango wa chakula na wa kurekebisha makaburi nitautuma. Wa tambiko naomba mnisamehe, nimemwamini Kristo kwa jambo hilo. Nitakuja na nitapika na wenzangu." Anayekataa kila kitu huonekana mchoyo, na imani yake haisikiki tena.

Uhuru una upande wa jirani. Nyumba ya kupanga ya vyumba sita, uani mmoja, bomba moja, na nusu ya wapangaji wamefunga Ramadhani. Dhamiri yako inakuruhusu kukaanga samaki saa nane mchana mlangoni, na hakuna dhambi katika kula. Lakini Paulo, aliyepigania uhuru kuliko wote, anasema katika 1 Wakorintho 9:19 kwamba alijifanya mtumwa wa wote. Pika mapema, kula ndani, na jioni ukialikwa futari kwa mama mwenye nyumba, nenda. Suruali kwa wanawake, nywele bandia na bia, ambavyo Wakristo hawakubaliani juu yake, vinaangukia Warumi 14, pale Paulo anapozungumzia chakula: usimhukumu anayekula, usimdharau asiyekula.

Na kwa anayesema "niko chini ya neema" huku mkeka wa kubeti unasukwa kila siku, 1 Wakorintho 6:12 ina kipimo: "mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote". Acha siku 14. Ukishindwa, tayari una bwana mwingine, na unahitaji msaada wa watu, si maelezo zaidi.

Msifanye peke yenu

Tafuta watu watatu hadi watano, wa jinsia moja ikiwezekana, mkutane mara moja kwa juma, dakika 60: dakika 15 kusoma, 30 kuzungumza juu ya madaftari, 15 kuombeana. Wagalatia 6:1-5 iwe kanuni yenu, pamoja na onyo lake la kumrejeza aliyeanguka "kwa roho ya upole". Hakuna mchango wa fedha, hakuna kusimulia nje yaliyosemwa, hakuna kumjadili mchungaji asiyekuwepo. Vikundi vingi hufa kwa hilo la tatu. Juma la 6 mrudie kurasa za kwanza. Mstari ambao bado umeandikwa "hofu" baada ya muda wote huo, mpelekee padre, mchungaji au mwinjilisti wako, daftari likiwa mkononi, na umwonyeshe mstari wenyewe.