Pampu ya fundi friji kwenye kazi ya faiba: kufunga mfuko na kuvuta rezini ukiwa Mwanza

Boti za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini, zinaongezeka kwenye mialo ya Mwanza, na mafundi wengi wanaozitengeneza bado wanapaka rezini hiyo, ambayo ni majimaji yanayoganda kuwa magumu, kwa brashi na rola. Sina ugomvi na njia hiyo, ila inakula rezini. Mati, yaani faiba ya nyuzi fupi zisizosukwa, ikipakwa kwa mkono hubeba rezini mara mbili ya uzito wake au zaidi, na rezini hiyo ya ziada inaongeza kilo na gharama kuliko inavyoongeza nguvu. Ukifunika kazi kwa mfuko na kunyonya hewa, faiba ya kusuka inabaki na rezini kidogo kuliko uzito wake yenyewe. Pampu ya kazi hiyo tayari iko mjini: ni ile ya fundi friji, anayoitumia kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi.

Tuchukue kazi ndogo, mfuniko wa sanduku la barafu wa sentimita 60 kwa 90. Boti nzima isubiri.

Hatua ya 1: Pampu na mtego wake

Pampu ya kunyonya hewa yenye mafuta ndani yake, ya hatua moja, yenye mota ya robo hospawa inatosha. Inavuta kwa nguvu kuliko unavyohitaji. Udhaifu wake ni kwamba inameza hewa kidogo kwa dakika, kwa hiyo haiwezi kushindana na tundu. Ujazo ulioandikwa kwenye kibandiko mara nyingi umepimwa kwa umeme wa hezi 60. Umeme wetu ni wa 50, hivyo punguza sehemu moja ya sita. Kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu nayo inavuta, ila polepole, inatema mafuta, na inachemka kwa sababu imezoea kupozwa na gesi inayorudi. Itumie kujifunzia, si kwenye kazi ya mteja.

Kati ya mfuko na pampu lazima pawe na mtego wa rezini. Kata bomba gumu la PVC la inchi 4, urefu wa mkono, liwekee vifuniko vya gundi pande zote mbili na ulisimamishe. Matundu yote mawili yawe juu: moja linatoka kwenye mfuko, lingine linaenda kwenye pampu. Hapohapo juu funga geji na valvu ndogo ya kuingizia hewa. Usitumie chupa ya kioo, inaweza kupasuka kuelekea ndani na vipande vikaruka. Ndoo ya plastiki itajikunja. Rezini ikifika kwenye pampu na kuganda humo, pampu hiyo umeizika.

Mipira iwe migumu. Ule laini wa kumwagilia bustani unabanana ukianza kuvuta.

Hatua ya 2: Elewa geji yako

Hapa ndipo watu wengi wanarudisha pampu dukani bila sababu. Kwenye video za mafundi walioko usawa wa bahari, sindano inagusa 29 kwenye inchi za zebaki. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yote iliyo juu yetu ina uzito wa kama inchi 26 tu. Sindano ikisimama 26 Mwanza, pampu imemaliza kazi, hakuna kingine cha kunyonya. Ikisimama 22, unavuja.

Na hiyo 26 si ndogo. Ni mkandamizo wa kama tani 9 kwa mita ya mraba, na mfuniko wetu unapata karibu tani 5. Kioo ulichotandikia hakivunjiki kwa sababu hewa ya chini nayo inasukuma kwenda juu kwa nguvu ileile.

Hatua ya 3: Kupanga tabaka

Moldi ya kazi bapa ni kioo kinene cha meza. Kipake nta ya moldi mara kadhaa, kila safari uache ikauke na uing'arishe, lakini acha ukingo wa sentimita 8 kuzunguka bila nta ili utepe wa kuzibia ushike.

Tandika tabaka sita za faiba ya kusuka ya gramu 600. Zitakupa unene wa kama milimita 3. Juu yake weka kitambaa cha kubandua: bitana ya poliesta isiyo na dawa wala rangi inafaa, ila ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kisha neti ya kivuli ya bustani, ambayo ndiyo barabara ya rezini. Neti iishe sentimita 4 kabla ya ukingo wa upande wa pampu, la sivyo rezini itakimbia juu na kufika mwisho kabla faiba ya chini haijalowa.

Upande mmoja mrefu laza spiro ya plastiki ya kufungia nyaya, iunge na mpira wa kuingizia rezini. Upande wa pili laza nyingine, iunge na mtego. Rezini isafiri ule upana wa sentimita 60, siyo urefu wa 90.

Hatua ya 4: Kuziba, na kutafuta uvujaji

Zungusha utepe wa butili, ule mweusi unaonata wa kufungia taa na vioo vya magari. Mfuko ni nailoni nene ya wazi, ikatwe kubwa kuliko kazi, na ziada yake ikunjwe kuwa masikio yaliyosimama kila kona, kila sikio likiwa na utepe ndani yake. Mfuko uliovutwa ukakaza unaning'inia kwenye pembe kama daraja na hapo chini hakuna mkandamizo wowote.

Funga mpira wa rezini kwa klipu, washa pampu, panga mikunjo kwa vidole nailoni inapolala. Ukifika 26, bana mpira wa kati ya mtego na pampu, zima, na tazama geji kwa dakika kumi. Kwangu mimi, ikishuka zaidi ya inchi moja, rezini haichanganywi.

Pampu ikiwa imezimwa, kaa kimya usikilize. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine itembeze taratibu kwenye utepe. Tundu linapiga mluzi mwembamba ambao bila mpira huusikii. Mara nyingi ni kwenye shina la sikio, au pale mpira unapopita utepe, au kijiuzi kimoja cha faiba kimelala juu ya butili: ni chembamba kama unywele na kinaingiza hewa kazi nzima. Kwa sababu hiyohiyo usifanye kazi hii jioni chini ya taa karibu na ziwa. Vijidudu vya ziwani vikija wingu zima, vinanasa kwenye butili, na bawa moja tu ni njia ya hewa.

Hatua hii ichukue muda kuliko nyingine zote. Kazi inaharibika hapa au inapona hapa.

Hatua ya 5: Kuvuta rezini

Rezini ya kawaida ya boti imetiwa kitu cha kuizuia isichuruzike ukutani, kwa hiyo haitembei vizuri kwenye mfuko. Uliza muuzaji ile nyepesi ya kuvutwa. Kwa mfuniko huu changanya kilo 1.8, kama kilo 1.2 itabaki kwenye faiba, nyingine inaishia kwenye neti na mipira. Katalisti, ile dawa ya kugandisha rezini, weka asilimia 1, yaani gramu 18, lakini siku moja kabla jaribu kwenye kikombe, saa ileile utakayofanyia kazi. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kuganda unapungua kama nusu. Anza asubuhi.

Kama rezini yako inatiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) tofauti, ichanganye na rezini kwanza hadi ipotee, ndipo utie katalisti. Kobalti na katalisti zikikutana peke yake zinalipuka. Vaa miwani: tone la katalisti linaweza kupofusha jicho. Likiingia, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Barakoa ya vumbi haizuii harufu ya staireni, kiyeyusho kilichomo ndani ya rezini. Tafuta yenye vichujio vya mvuke.

Tumbukiza mpira kwenye ndoo, fungua klipu. Utaona mstari mweusi wa kulowa ukisogea chini ya neti. Usiruhusu ndoo iishe hata sekunde moja. Rezini ikifika upande wa pili, bana mpira wa kuingizia.

Sasa fungua kidogo valvu ya hewa kwenye mtego hadi geji irudi 22. Pampu hizi zinavuta kupita kiasi cha rezini ya poliesta: kwenye nyuzi 30, staireni inaanza kuchemka mgandamizo ukishuka chini ya kama milibari 13, na pampu ya friji inafika huko bila shida. Ukiona viputo vidogo vimetokea kila mahali kwa pamoja, ni staireni. Vikipita kwa mstari kutoka sehemu moja ya ukingo, ni tundu. Likandamize kwa butili.

Acha pampu ikivuta hadi rezini iliyobaki ndoo ni ngumu, kisha subiri zaidi, maana ya kwenye kioo ni nyembamba na inachelewa kuganda kuliko ya ndoo. Umeme ukikatika, bana mara moja mpira unaotoka kwenye mfuko kwenda kwenye mtego, maana valvu ya hewa ya mtego iko wazi. Mfuko uliopita jaribio la dakika kumi utashikilia hadi uwashe jenereta.

Hatua ya 6: Baada ya kazi

Bandua kesho yake, kitambaa kikivutwa kwa pembe ya chini. Pampu iache ifanye kazi dakika 20 ikivuta hewa safi kidogo ili mvuke utoke kwenye mafuta, na moshi wake uelekezwe nje. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa yameingia unyevu, jambo la kawaida wakati wa masika. Yakinuka rezini pia yamwage. Weka mafuta ya pampu ya vakyumu, siyo ya injini, na uyajaze hadi alama ya kwenye kioo cha kupimia, pampu ikiwa mahali bapa.