Pima anga kwanza, flashi baadaye

Kwa mnaopiga harusi Lindi na Mtwara: jua likizama nyuma ya maharusi, zima flashi kwanza. Kamera iwe manyuali, yaani unaipanga mwenyewe, pima mwanga wa anga peke yake. Mimi huanzia ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), apacha f/5.6 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), halafu narekebisha mpaka wekundu wa mawingu ukolee na maharusi wabaki vivuli vyeusi. Usishtuke. Sasa washa flashi kwa robo ya nguvu, msaidizi aishike pembeni, juu kidogo ya vichwa vyao. Mwako wa flashi ni mfupi mno kuliko shata, kwa hiyo shata hutawala anga tu. Giza likiingia, na kwetu halikawii, shusha shata hadi 1/100: anga litarudi, nyuso hazitabadilika. Ukigusa apacha, vyote viwili vinabadilika. Flashi ifunike kwa jeli, yaani plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, ya rangi ya chungwa, la sivyo maharusi wataonekana kama wamebandikwa. Shela likiungua, yaani likizidi mweupe mpaka nyuzi zake zisionekane pichani, punguza nguvu ya flashi, usiguse shata.

Inapogoma: shata ikiwa ya haraka kupita 1/200 au 1/250, kwenye kamera nyingi utepe mweusi hukata picha. Na mawingu yakiwa ya kijivu anga zima, hakuna cha kuokoa. Tena pwani yetu inatazama mashariki, jua huzamia nchi kavu. Ukitaka maji chini ya jua, vuka na kivuko hadi Kitunda, ng'ambo ya ghuba ya Lindi, uelekeze kamera upande wa mji wa Lindi. Ila ulizia mapema kivuko cha kurudi, bibi harusi asije akalala ng'ambo.