Lenzi ya kwanza ya kupigia picha mitaani: ndogo, ya bei nafuu, na isiyokubana ukutani

Lenzi ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilikuwa ya milimita 50 (namba hii ikikua, lenzi inaona eneo dogo zaidi), kwa sababu kila niliyemuuliza alinambia hiyo ndiyo rahisi. Nikaingia nayo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wazee wamekaa barazani, muuza kahawa kainama anamimina kutoka kwenye dele. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukuta wa pili, na bado kilichoingia kwenye picha ni kichwa na mabega ya mzee mmoja. Dele, vikombe na wenzake wote wamebaki nje. Lenzi haikuwa mbovu, ila haikufaa kwa vichochoro vyetu. Ndiyo maana nakuomba uanze na kupima.

Hatua ya 1: Pima kwa lenzi uliyonayo. Kamera nyingi za kuanzia za DSLR (zile zenye kioo ndani) huja na zumu ya 18-55, yaani lenzi unayoweza kuizungusha kutoka milimita 18 hadi 55. Zungusha pete yake mpaka 24, kisha ibane kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, maana haiachi gundi. Piga wiki nzima bila kuibandua. Wiki ya pili hamia 35, ya tatu 50. Halafu kaa na picha zako uone ni zipi unazozipenda na ulisimama umbali gani. Ukijikuta unapiga picha ukiwa hatua mbili tatu kutoka kwa watu, 24 itakufaa. Ukipenda uso mmoja peke yake, nenda 35 au 50.

Hatua ya 2: Ijue sensa yako, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwenye kamera za sensa ndogo (APS-C), zidisha namba ya lenzi kwa 1.6 kama ni Canon, au 1.5 kama ni Nikon, Sony au Fujifilm. Kwa hiyo ile 50 yangu kwenye Canon ilikuwa inaona kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), na 24 inaona kama 38.

Hatua ya 3: Chagua. Kwa Canon DSLR ya sensa ndogo, mimi nasema EF-S 24mm f/2.8 STM bila kusita (f ni upana wa tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ina gramu 125, unene haufiki sentimita 2.5, na kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Udogo huo una faida: watu hawashtuki kama wanavyoshtuka ukiwaelekezea bomba refu. (Salamu na ruhusa ziko palepale, lenzi ndogo si ya kuibia watu picha.) Kwa Nikon DSLR ipo AF-S DX 35mm f/1.8G. Angalia hizo herufi AF-S, maana yake lenzi ina mota yake ya kufokasi, kwa sababu Nikon za kuanzia kama D3000 na D5000 hazina mota hiyo ndani, na lenzi ya AF ya zamani utaifokasi kwa mkono.

Hatua ya 4: Ikague kabla ya kutoa pesa. Hapa usione haya hata muuzaji akinuna. Ukiwa na bajeti ndogo utanunua iliyotumika, na pwani yetu ina unyevu, kwa hiyo adui mkubwa ni kuvu. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma kwa pembeni huku ukichungulia kwa mbele. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, rudisha, hata ikipunguzwa bei nusu. Niliwahi kuambiwa "itafutika tu". Ilikuwa ndani ya vioo, na haikufutika.

Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, weka hali ya Av (A kwa Nikon), ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi, piga ukuta uleule kwa f/2.8 halafu f/11. Mwanga wa picha mbili uwe sawa. Ile ya f/11 ikitoka nyeupe sana, majani ya tundu, vile vibati vya ndani vinavyolifungua na kulifunga, yamekwama. Mwisho fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, ukisikiliza kama mota inakwaruza.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza mtaani. Weka f/8, kasi 1/250 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ijipange yenyewe. Fokasi kitu kilicho mita 3, kisha hamisha swichi kwenye MF (fokasi ya mkono; M kwa Nikon) na usiguse pete tena. Kwa ile 24 ya Canon, kuanzia kama mita 1.7 hadi 14 hivi kutakuwa wazi vya kutosha, na hutapoteza muda kusubiri fokasi wakati dele limeshainuliwa.

Ukirudi nyumbani, ifute jasho na chumvi, uiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikianza kuchoka, nunua vipya.