Kuunda na Kusimamia Mchakato wa Mkopo wa Sacco kwa Huduma Zinazoshirikiana: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga au kusimamia mfumo wa kompyuta katika ofisi ambayo kazi moja hupitia mikono mingi kabla ya kukamilika. Mfano nitakaoutumia ni ombi la mkopo katika Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, nchini Kenya. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na ndani yake mna karibu kila jambo linalosumbua: watu wanaoamua, mashine zinazojibu, pesa zinazotoka, na siku kadhaa za kusubiri katikati. Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba mchakato mzuri ni ule unaojua kusubiri na kutengua, kwani sehemu ambayo kila kitu huenda sawa haijawahi kumshinda mtu kuichora.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno mawili. Huduma ni programu inayofanya jambo moja linaloeleweka, kama vile kutafuta rekodi ya mwanachama au kutuma pesa kwa simu, nayo huitwa na programu nyingine kupitia mkataba unaojulikana, pasipo anayeiita kuhitaji kujua imeandikwa kwa lugha gani wala iko kwenye seva ipi. Mchakato ni mpangilio wa hatua zinazoziita huduma hizo na kuwagawia watu kazi, tangu ombi lipokelewe hadi lifungwe. Ukivichanganya viwili hivi, kwa mfano ukaziandika kanuni za kamati ya mikopo ndani ya huduma ya malipo, siku kamati itakapobadilisha kanuni utalazimika kuifungua programu inayotoa pesa za watu, na hiyo ndiyo programu ambayo haifai kuguswa mara kwa mara.

Hatua ya 1: Keti na wanaoifanya kazi

Usianze na meneja, ingawa yeye ndiye aliyekuita. Anza na karani wa dirishani. Mwombe akutolee faili la mkopo uliokwisha kulipwa, kisha ulifuate karatasi kwa karatasi, tarehe kwa tarehe, ukiuliza kila mahali nani alilishika, alihitaji nini, aliamua kwa kigezo gani, na alipokikosa alichokihitaji alifanya nini. Swali hilo la mwisho ndilo lenye mavuno.

Katika Sacco moja niliyoihudumia, kanuni zilizoandikwa zilisema kwamba ombi hupelekwa kwa afisa mikopo mara tu linapopokelewa. Droo ya karani ilisema vingine. Fomu zilikuwa zimefungwa kwa mpira katika mafungu mawili, na fungu nene lilikuwa la waombaji ambao mdhamini wao wa tatu alikuwa hajatia sahihi. Pembeni mwa kila fomu palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa penseli, siku ambayo karani alimpigia mdhamini simu. Zikipita siku tatu, alipiga tena. Tarehe zile za penseli hazikuwa katika kanuni yoyote, nazo ndizo zilizouendesha mchakato mzima.

Hatua ya 2: Chora kwa BPMN

BPMN ni lugha ya alama za kuchorea michakato ya kazi. Toleo lake la 2.0 lilitolewa na shirika la Object Management Group mwaka 2011, na mwaka 2013 likakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO/IEC 19510. Ninaipendelea kuliko BPEL, lugha nyingine ya kuelezea michakato, ambayo shirika la viwango la OASIS liliidhinisha toleo lake la 2.0 mwaka 2007, kwa sababu BPEL iliundwa kwa ajili ya huduma kuzungumza na huduma, na kazi ya binadamu haikuwa na nafasi ndani yake bila kuongezewa kiraka. Mkopo wa Sacco una binadamu katikati yake, na mchoro lazima umwonyeshe.

Alama za kuanzia ni chache. Duara la mstari mwembamba ni mwanzo, na la mstari mnene ni mwisho. Mstatili wenye pembe za mviringo ni kazi, ambayo yaweza kuwa ya mtu au ya huduma. Umbo la almasi ni njia panda: ikiwa na alama ya X, ombi hufuata njia moja tu, ikiwa na alama ya kujumlisha, njia zote hufuatwa kwa pamoja. Gawanya mchoro katika safu, moja ya mwanachama, moja ya karani, moja ya afisa mikopo, moja ya kamati na moja ya mfumo, ili kila kazi ionekane iko chini ya nani.

Katika mfano wetu, ombi likishapokelewa, mambo mawili yanaweza kwenda sambamba: kuwaomba wadhamini idhini, na kuuliza historia ya mwombaji kwa CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za wakopaji. Weka njia panda ya kujumlisha kabla ya mambo hayo, na nyingine ya kujumlisha baada yake, ili ombi lisifike kwa afisa mikopo kabla majibu yote mawili hayajapatikana. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kugawanya kwa X na kuunganisha kwa kujumlisha. Hapo ombi hupita njia moja, kisha njia panda ya pili hukaa ikiingojea njia ambayo hakuna aliyeifuata, na ombi hubaki hapo bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Kagua kila jozi ya njia panda kwa kidole kabla ya kwenda mbele.

Ukimaliza, rudi kwa karani na umsomee mchoro. Akisema “hapa siyo hivyo”, furahi, kwa sababu ni rahisi kufuta mstari kuliko kumrudishia mwanachama pesa zake.

Hatua ya 3: Andika mikataba ya huduma

Mchoro huu unahitaji huduma tano: wanachama, wadhamini, CRB, leja na malipo. Kwa kila moja andika kinachoingia, kinachotoka, makosa yanayoweza kurudishwa, muda wa juu wa kujibu, na jibu la swali hili: je, ikiitwa mara mbili kwa bahati mbaya, kutakuwa na madhara? Huu ni mfano wa mkataba wa kazi moja ya huduma ya wadhamini:

zuiaAkiba
inaingia: nambaYaOmbi, nambaYaMdhamini, kiasi
inatoka: nambaYaKizuizi
makosa: akibaHaitoshi, mdhaminiAmejitoa
ikirudiwa kwa nambaYaOmbi na nambaYaMdhamini zile zile: hurudisha kizuizi kilekile, haifungui kipya

Tazama kwamba jina la kazi ni tendo ambalo mhasibu wa Sacco angelielewa. Huduma iliyojaa kazi za aina ya kusasisha safu ya jedwali si huduma, ni kanzidata iliyovikwa nguo, na kila anayeiita hulazimika kujua siri zake. Aidha, kati ya hatua na hatua pitisha namba ya ombi, si faili zima la mwanachama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nakala za kitambulisho zilizotapakaa katika kila huduma ni mzigo wa kisheria usio na faida kwa yeyote.

Hatua ya 4: Tenganisha kupokelewa na kulipwa

Hapa ndipo ninapoomba utulivu wako wote. Chukua malipo ya M-Pesa kutoka kwa taasisi kwenda kwa mteja kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la waunda programu. Programu yako inapotuma agizo la kulipa, hupata majibu mawili kwa nyakati tofauti. La kwanza huja papo hapo, likiwa na ConversationID, yaani namba ya kutambulisha agizo hilo, na ResponseCode ya 0. La pili huja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja mwenyewe kama ResultURL, likiwa na ResultCode. Sifuri ya kwanza husema tu kwamba agizo limepokelewa. Sifuri ya pili ndiyo inayosema kwamba pesa zimelipwa. Anayeichukua ile ya kwanza kuwa malipo ataandika katika leja mikopo ambayo haijamfikia mtu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nami nililifanya. Programu yetu ilisubiri jibu la pili kwa muda tuliouweka, na lilipokosekana ikaandika “imeshindikana”. Siku moja mtandao wa ofisi ulikatika pesa zikiwa zimekwisha kutoka, jibu halikuifikia seva yetu, karani akaona neno lile na akatuma tena. Mwanachama mmoja alilipwa shilingi 80,000 mara mbili. Alizirudisha zile za ziada siku iliyofuata, akiwa amezibeba kwenye bahasha, na mpaka leo ninamshukuru. Kosa lilikuwa langu: niliuhesabu ukimya kuwa ni jibu.

Kwa hiyo chora malipo kama vitu viwili, kazi ya kutuma agizo na tukio la kupokea ujumbe. Hifadhi ConversationID pamoja na namba ya ombi, ili jibu likija mfumo ujue ni la ombi lipi. Pembeni mwa tukio hilo weka saa, na saa ikifika mchakato usitume pesa tena bali uulize hali ya muamala, kwani Daraja ina ombi la kufanya hivyo. Hali isipojulikana bado, mpe mhasibu kazi ya kukagua taarifa ya akaunti kwa macho yake. Hali za malipo ni tatu, yamelipwa, yamekataliwa, na hayajulikani, na ile ya tatu iwe na safu yake katika kanzidata.

Hatua ya 5: Weka saa na njia za kutengua

Saa za BPMN huandikwa kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na muda. P3D ni siku tatu, ule muda wa penseli ya karani wetu. Angalia herufi T: PT10M ni dakika kumi, lakini P10M ni miezi kumi. Nimeona mchakato uliokusudiwa kuuliza hali ya muamala baada ya dakika kumi ukakaa kimya kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Kuhusu kutengua, mwaka 1987 watafiti wa kanzidata Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walieleza jinsi muamala mrefu unavyoweza kuvunjwa kuwa mifupi, kila mmoja ukiwa na mwenzake wa kuufidia. Katika mkopo wetu, kuzuia akiba ya wadhamini hufidiwa kwa kuiachilia, na kuandika mkopo katika leja hufidiwa kwa ingizo la kinyume, kamwe si kwa kufuta, maana mkaguzi lazima aone yote mawili. Kutuma pesa hakufidiwi kwa programu. Pesa zikishaingia kwenye simu ya mtu, kuzirudisha ni mazungumzo. Ndiyo maana malipo yawekwe mwisho kabisa, baada ya kila kitu kinachoweza kukataa kuwa kimekwisha kukubali.

Hatua ya 6: Endesha na usimamie

Injini, yaani programu za kuendesha michakato, kama Camunda, Flowable na jBPM huusoma mchoro wenyewe na kuuendesha, hivyo mchoro uliokubaliwa na karani ndio unaofanya kazi. Anza na maombi ya aina moja tu ya mkopo kwa wiki chache, huku daftari la zamani likiendelea.

Kila wiki tazama na meneja mambo mawili: ombi la kawaida huchukua siku ngapi, na maombi hulala katika hatua ipi. Tumia siku za ombi la katikati, yaani lililo katikati maombi yakipangwa kutoka la haraka hadi la polepole, si wastani, kwa kuwa ombi moja lililokwama miezi miwili huupotosha wastani wote.

Kanuni zitabadilika, na hapo toa toleo jipya la mchoro bila kuligusa la zamani. Ombi lililoanza likidai wadhamini watatu limalizike kwa watatu, hata kama kuanzia leo wanadaiwa wanne, kwa sababu mwanachama alikusanya sahihi kwa masharti aliyoambiwa. Mchakato ukiwa na kosa la hatari, kama lile la malipo, hamisha maombi yaliyo njiani moja moja, ukihakikisha kwanza kila moja liko hatua gani, na usiliondoe toleo la zamani kwenye injini mpaka ombi lake la mwisho lifungwe.