Kulala lupango kwa hiari yako: jinsi ya kukaa Hostel Celica, Ljubljana

Wadau mnaoishi Ulaya, hasa nyie wa Ujerumani ya kusini, Austria na kaskazini mwa Italia, mkiwa na wikiendi ndefu na hela ya kuunga-unga basi Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ni pa kwenda. Na mkifika kuna hosteli moja inaitwa Hostel Celica ambayo zamani ilikuwa jela ya jeshi. Nondo bado zipo, selo ni zilezile, ila kila moja alipewa msanii akaifanya anavyojua yeye. Naandika jinsi ya kukaa pale ukafaidi, maana watu wengi wanaenda, wanapiga selfi kwenye nondo, wanalala vibaya, halafu wanaondoka wakilalamika mitandaoni eti kelele, eti choo kiko mbali na chumba. Kelele zipo kweli. Choo cha selo kiko koridoni kweli. Ila ukijua unacholipia utapanga safari yako tofauti kabisa: pale hulipii usingizi, unalipia kuta na watu.

Kabla hujabuku chochote ujue unaenda kulala wapi, kwa sababu bila hiyo stori utaona rangi tu. Metelkova, eneo ilipo hosteli hii, ilikuwa kambi ya jeshi tangu enzi za Austria-Hungaria, mwishoni mwa karne ya 19, baadaye ikawa ya jeshi la Yugoslavia, ile Yugoslavia ya Tito ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa urafiki wake na Mwalimu. Mwaka 1988 waandishi wa habari kadhaa na sajenti mmoja walikamatwa kwa madai ya kuvujisha siri za jeshi, wakashikiliwa kwenye jela hiyohiyo ya kijeshi, na kesi yao ikasikilizwa kwa Kiserbo-kroatia badala ya Kislovenia, humohumo mjini kwao Ljubljana. Watu waliwaka, wakajaa barabarani, na wengi wanasema vuguvugu la uhuru lilichukua moto pale. Mmoja wa wale mahabusu, Janez Janša, akaja kuwa waziri mkuu, siasa bwana. 1991 Slovenia ikajitangazia uhuru, ikapigwa vita ya siku kumi, Oktoba jeshi likafungasha likaondoka.

Sasa majengo yamebaki matupu na wasanii na wanaharakati walikuwa wanayaomba kihalali kabisa. Septemba 1993 mji ukaanza kuyabomoa kimyakimya, watu wakasikia, wakaingia na magodoro yao wakakalia. Wakakatiwa maji na umeme, hawakutoka. Mpaka leo wapo, ile ni Metelkova mesto, klabu na studio na ofisi za vikundi vya watu wenye ulemavu, mashoga na wasagaji, wahamiaji, kila aliyekuwa hana pa kwenda mjini. Jengo la jela lenyewe lilikuwa kwenye hatari ya kuvunjwa pia, likapona, jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ljubljana ikashika mradi, wasanii zaidi ya 80 wa Slovenia na wa nje wakatia mkono, na 2003 ikafunguliwa kama hosteli. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema hosteli yenye kujali jamii, kwa hapa maana yake ndo hii, sio ule mkwara wa kuandika tu "tunapenda mazingira" juu ya kopo la sabuni.

Haya, chumba. Selo ziko 20, ghorofa ya kwanza, nyingi za watu wawili au watatu, na juu yake kuna mabweni ya dabodeka kama hosteli nyingine. Mkiwa wawili chukueni selo siku zote mtakazokaa, mkigawana bei haiumi sana. Ukiwa peke yako mimi ningesema lala bweni, halafu usiku mmoja tu uchukue selo kama ipo, usiku wa katikati ya wiki. Selo hazifanani hata kidogo, kuna iliyopandishwa kitanda juu kabisa unapanda kwa ngazi, kuna ambayo msanii amechezea mbao tu, kuna ambayo ukiingia unajiuliza huyu mtu alikuwa anawaza nini, kwa hiyo tazama picha kwanza kisha andika kwenye ujumbe wa booking unaomba ipi. Hawaahidi, ila ukiandika kwa adabu na mapema wanajitahidi. Mwenye magoti mabovu au mwenye mtoto mdogo aseme kabisa anataka kitanda cha chini, usije ukagundua saa saba usiku umebanwa na mkojo na ngazi ni ya wima.

Na niseme hili ambalo watu hawasemi. Selo ni selo. Hata ikipakwa rangi ya namna gani ina upana uleule na nondo zilezile dirishani, na kama wewe au mtu wako wa karibu alishawahi kuwekwa ndani kweli, kitu ambacho kwetu sio ajabu, usijilazimishe ujanja. Kalale bweni, sanaa utaiona vilevile.

Siku za kwenda. Hapa ndo wengi wanapotea, wanachukua Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ndo wikiendi, na hizo ndo siku Metelkova inapiga muziki mpaka alfajiri mlangoni kwako. Kama unaenda kula bata, sawa, Ijumaa ni yako, utatoka klabu hatua chache uko kitandani. Kama unataka kuona mji na kulala, ingia Jumapili mchana uondoke Jumatano. Bei pia zinashuka kidogo. Ukibanwa na ratiba ya kazi na lazima iwe wikiendi, omba chumba kisichoangalia uwanja wa klabu na beba vizibo vya masikio, vile vya nta, sio vile vya sponji vya bure kwenye ndege.

Kuhusu makaratasi nitakimbia. Slovenia ni Schengen, na hela ni euro tangu 2007. Ukiwa na kibali cha kuishi nchi nyingine ya Schengen unaweza kwenda kutembea hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, unaetoka Dar au Nairobi moja kwa moja unahitaji viza ya Schengen, na hapo chukua booking inayofutika bure maana utaiambatanisha kwenye maombi na hujui majibu yatakuwaje. Paspoti na kibali vyote viwe mfukoni, sio picha ya simu. Siku hizi kwenye mabasi na treni za kimataifa wanaingia kukagua hata pale ambapo kwenye vitabu hakuna mpaka, na tusidanganyane, sisi wenye ngozi hii ndo wanaanza nasi. Kodi ya utalii ya mji hulipwa kando kwa kila usiku, kama euro 3 hivi, kwa hiyo usishangae mapokezi wakikudai wakati ulishalipa chumba mtandaoni.

Cha kubeba: kofuli lako la kabati, kandambili za bafuni (usibishe), taulo kama hutaki kukodi, na adapta kama chaja yako ni ya pini tatu za kwetu, kule ni zile mbili za mviringo. Kikebo kirefu cha simu pia, soketi za hosteli ziko sehemu za ajabu dunia nzima.

Kufika ni rahisi mno. Treni na mabasi vyote vinashukia sehemu moja na kutoka pale unatembea dakika kumi hata hazifiki, upande wa mashariki, mpaka uone jengo refu la manjano limezungukwa na kuta zenye vinyago na michoro. Uwanja wa ndege uko Brnik, kama kilomita 25 nje ya mji, kuna basi. Ukifika kabla ya saa ya kuingia chumbani acha begi, kaa kwenye mgahawa wa chini, agiza kahawa, tulia uangalie watu.

Halafu uliza mapokezi leo wanatembeza selo saa ngapi. Huwa kuna ziara fupi ya mchana, wanafungua selo zisizo na wageni na kueleza nani alitengeneza nini, na hii usiikose hata kama umelala selo yako mwenyewe, maana ya kwako ni moja kati ya 20. Nje ya ziara hiyo milango ya watu sio makumbusho. Mtu yuko ndani amevaa kanga na wewe umesimama kwenye nondo na simu, hapana. Ulizia pia zile selo za chini za kifungo cha upweke, ukizitazama hizo ndo rangi za juu zinaanza kuwa na maana. Na kuna kile chumba cha amani, wameweka sehemu za dini kubwa za dunia mahali pamoja, pa kukaa kimya tu. Nimeona mtu anasali pale na mwingine pembeni yake anasoma kitabu, hakuna anayemshangaa mwenzie. Kwenye sehemu ya mito na mazulia vua viatu, Mswahili hufundishwi hilo lakini wenzetu wanasahau.

Watu sasa. Hosteli za namna hii zimejengwa ili muongee, kwa hiyo salimia. Sio lazima uwe mchangamfu, we sema tu "dober dan" (habari za mchana) mapokezi, na mezani uliza mtu ametoka wapi, inatosha. Utaulizwa na wewe, utaulizwa simba, utaulizwa Zanzibar, kuwa mvumilivu kwa swali la kwanza na la pili, la tatu unaweza kuhama meza. Huwa kuna maonyesho ya picha na matamasha madogo hapo chini, mengi bure, soma mabango ya ukutani kila asubuhi kwa sababu ndo humo utakutana na watu wa mji wenyewe na sio wapita njia wenzio tu.

Metelkova ya usiku ina adabu zake. Mchana unaweza kuzunguka ukapiga picha kuta na sanamu mpaka uchoke. Usiku simu iwe mfukoni, watu wengi pale walikuja kutafuta sehemu ambayo hawaangaliwi, na hasa nje ya klabu za mashoga usielekeze kamera kwa mtu yeyote. Nunua kinywaji ndani ya klabu badala ya kuja na chupa za supamaketi, hela ya kaunta ndo inayowaweka hai. Na ukiambiwa ushike mzigo wa mtu au uuziwe majani uwanjani, kataa, bangi ya kujiburudisha ni kosa kule, na wewe mwenye viza ndo utakayeumia kuliko wote.

Hapohapo jirani, kwenye sehemu ya kambi iliyogeuzwa makumbusho, pana makumbusho ya sanaa ya kisasa iliyofunguliwa 2011 na Makumbusho ya Etnografia ya Slovenia. Hiyo ya pili nendeni jamani. Wana mkusanyiko wa Ignacij Knoblehar, mmisionari wa Kislovenia aliyepanda Nile mpaka kwa Wabari, Sudan Kusini ya leo, katikati ya karne ya 19, akarudi na mikuki na vitu vya watu. Inachekesha na inauma kwa pamoja, umesafiri mpaka Ljubljana unakutana na jirani zako ndani ya kabati la kioo.

Chakula: burek, kitafunwa cha unga mwembamba kilichojazwa ndani, ndo mkombozi, ya nyama au ya jibini, karibu na kituo cha treni unapata hata usiku mkubwa, moja inashibisha mtu mzima. Wasiokula nguruwe waulize kwanza kwenye soseji, ile maarufu ya kranjska ni nguruwe. Soko kuu pana mashine ya maziwa mabichi, mlekomat, unaweka sarafu na chupa yako unakinga, ukayachemshe mwenyewe. Kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, kila Ijumaa mvua isiponyesha, wapishi wa mji wanajipanga pale sokoni wanapika nje, wanaita Odprta kuhna. Maji ya bomba kunywa bila wasiwasi, usinunue chupa. Na kwa Waislamu, msikiti wa kwanza wa Ljubljana ulifunguliwa 2020 baada ya kuombwa tangu miaka ya 1960, uko kaskazini ya kituo cha treni na unafikika kwa miguu, jengo lenyewe linastahili kutazamwa hata kama si siku ya Ijumaa.

Mji wenyewe hauhitaji basi. Katikati magari hayaingii, unashuka mpaka mto Ljubljanica, Daraja la Majoka la 1901, mbele kidogo yale Madaraja Matatu ya Jože Plečnik, yule msanifu aliyeupa mji sura yake, kazi zake za Ljubljana ziliingia UNESCO 2021. Kwenye ngome ya mji kule kilimani panda kwa miguu, kale katreni ka kamba ni ka wavivu na ka bei.

Siku ya kutoka rudisha ufunguo kwa wakati, toa mashuka kitandani kama wamebandika hivyo, na begi waachie mapokezi kama treni yako ni ya jioni. Kwa masaa hayo ya katikati basi la Bled, mji wa ziwani, ni mwendo wa kama saa moja na robo kutoka kituoni, tikiti unaweza kukata kwa dereva. Geuza kurudi mapema, basi za jioni wakati wa kiangazi hujaa watu wakabaki wamesimama barabarani.